Maji ya Udhu

Nilihitimu juzuu thelathini kabla sijabalehe,
hapa hapa Limbani, Wete,
barazani kwa baba, Maalim Shaame,
aliyekuwa na bakora mbili:
ya mpera kwa wanafunzi, ya mkwaju kwa mwanawe.
Siku ya khitima nikavishwa joho lililonipwaya,
nikatiwa wanja, nikarushiwa bisi na peremende,
na watu wakasema: huu ndio ubao wa Maalim,
haufutiki.

Nimefutika.

Ningekuwa na kisa, ningewapa.
Watu wanapenda kisa: kasoma mno huko bara,
kaoa asiyekuwa wetu, karogwa,
kaka yake kaanguka mkarafuuni, naye akamnunia Mungu.
Hapana. Kaka yangu yu hai, anauza saruji Chake,
na mke sina.
Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nageuza karafuu juani,
jamvi la tatu, jicho moja kwenye wingu la upande wa Fundo.
Ikaadhiniwa alasiri.
Nikasimama kama nilivyosimama siku zote,
nikakung'uta makonyo mapajani,
na kabla ya hatua ya pili nikajua
kwamba huko ninakokwenda kusema hakuna anayesikiliza.
Sikushtuka. Nilishtuka kwa kutoshtuka.
Nikachutama tena, nikamaliza jamvi.
Radi haikupiga. Wingu lilipita likawanyeshea wengine.
Karafuu zile zilikauka vizuri,
kituoni wakazipa daraja la kwanza.

Jino la utoto likitoka, ulimi hauamini:
kila saa uko pale pale, unapapasa pengo.
Hata leo nikijikwaa namwita,
nikipiga chafya namshukuru,
nikiingia chooni natanguliza mguu wa kushoto.
Kwa ajili ya nani? Ya mguu.

Na Ramadhani nafunga.
Zamani nikifunga kwa kuwa Yeye ananiona;
hata nikipiga mbizi pale bandarini
sikuthubutu kumeza funda.
Sasa nafunga kwa kuwa mama ananiona,
na mama haoni.
Mtoto wa jicho kayaziba yote mawili.
Ananijua kwa nyayo, kwa kikohozi,
kwa namna ninavyobandua kitasa.

Usiku wa kuamkia Ijumaa huniita
nimsomee marehemu Yasini.
Nasoma. Inanitoka sauti ya baba na kikwaruzo chake,
nami maneno yale nayapenda, wallahi
(umesikia nilivyoapa?),
nayapenda kama mtu nyumba aliyoihama
na funguo zake bado anazo mfukoni.
"Hapo vuta," ananikatisha. "Umeila madda."
Narudia. Navuta mpaka pumzi inakwisha,
pumzi yangu mwenyewe, sina nyengine ya kuazima.

Kila alfajiri huniwekea birika mlangoni.
Nalisikia likigusa sakafu. Nageukia ukutani.
Nikiamka kumekucha, nalikuta tupu, limefudikizwa,
na miezi yote nikidhani ni dada yangu Raya
anayeyachukua maji kwa chai.

Juzi sikulala. Nilichungulia ufa wa mlango.
Mama akaja akipapasa ukuta,
akainama, akalinyanyua birika kwa mkono mmoja,
akalipima
kama tunavyopima pishi kwa kiganja kabla ya mizani.
Lilikuwa zito.
Akasimama nalo kitambo. Midomo ikimcheza; sikusikia neno.
Kisha akatoka nalo uani kabla Raya hajaamka,
akaumwagia mrihani, kidogo kidogo, pasi na kishindo,
akarudi akalifudikiza pale pale.

Hajaniuliza. Nami sijamwambia.
Mrihani umenenepa, umefika dirishani.
Jana Bi Msanifu wa nyumba ya pili
kaja kuomba kitawi akapande kwake,
akauliza tunautilia nini.

"Maji tu," mama akamjibu.